Mpangaji wa ploti ana TB na majirani wanataka ahame. Nifanye nini?

NyanyaWaManyatta (Kisumu)

Hamjambo wote. Huwa nasoma tu, siandiki, lakini leo imebidi.

Mimi ndiye ninayeangalia ploti moja huku Manyatta. Mwenye nyumba anakaa Nairobi, mimi nakusanya kodi, nazozana na watu wa maji na kuamua kesi za kamba ya kuanikia nguo. Vyumba vimepangana safu mbili, katikati uga mwembamba wa saruji, mfereji mmoja na vyoo viwili mwishoni. Kuta zinazogawa vyumba hazifiki juu. Zinaishia mbao za paa zinapoanza, na mabati ni yale yale yamefunika safu nzima. Chumba cha kwanza wakikaanga omena, cha mwisho wanajua chakula cha jioni ni nini.

Kijana wa chumba cha tano ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kibuye. Mtu mtulivu, kodi yake haichelewi. Alianza kukohoa wakati wa masika, tukasema ni moshi wa kazi. Juzi alitoka kupimwa pale Russia (wageni wa Kisumu, hiyo ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, sisi wazee bado tunaiita hivyo), akaniita kando: "Mama, wamenipata na TB. Nimeanza dawa." Hakulazimishwa na mtu kuniambia, nami nilimheshimu kwa hilo. Ila ploti ni ploti. Kufika kesho yake habari zilikuwa zimefika mpaka kwa mama mboga wa kona.

Tangu hapo hakuna amani. Wamempangia kuchota maji baada ya wote. Alikunywa chai kwangu, jirani mmoja akachukua kile kikombe akakitupa kwenye takataka mbele yangu, na ni kikombe changu! Mwingine alimwagia mlango wake Jik mpaka sote tukatokwa machozi. Choo kimoja kimeandikwa kwa chaki kuwa ni chake, kwa hivyo ploti nzima tunapanga foleni kwa kile kingine. Na kila mtu sasa anafunga dirisha mchana na usiku, eti hewa yake isiingie. Mwenye nyumba ameniambia kwa simu nimpe wiki moja aende kwao Siaya, akapone kwa mamake.

Kumfukuza mtu mgonjwa siwezi. Lakini nina mjukuu wa miaka mitatu, tunalala chumba cha sita, ukuta mmoja na huyo kijana. Nataka kujua kama kweli vyombo na choo vinaambukiza, kama ule uwazi wa juu ya ukuta niuzibe kwa mbao, na mwenye nyumba nimjibu nini. Watoto wa ploti nao walikuwa wamezoea kukaa kwake jioni kuangalia katuni maana ndiye mwenye runinga kubwa, hilo nimeshalikataza.

Wa kuniambia niombe Mungu wapumzike, hilo tayari nafanya.

---

MtuWaLangaLanga (Nakuru)

Mama, usicheze na hiyo kitu. Aende. Vyombo alivyoshika choma ama tupa. TB ya siku hizi imekuwa sugu, dawa hazisikii. Halafu ni ugonjwa wa ukoo, ukiuliza vizuri utasikia kwao kuna mwingine alikuwa nao. Kwetu baba mzazi wa baba yangu alikuwa nayo, akafuata baba yangu mkubwa. Huruma ni nzuri lakini kwanza mjukuu wako.

---

SindanoBilaMachozi (Vihiga)

Nyanya mwenzangu, salamu kutoka Vihiga. Nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya kifua karibu maisha yangu yote ya kazi. Sasa nimestaafu, napalilia mboga za kienyeji, na muda wa kubishana na watu wa Langa Langa ninao tele.

Nianze na kikombe chako kwa sababu kimeniuma. Kilitupwa bure. TB ya mapafu haipiti kwa kikombe, kwa sahani, kwa kijiko, kwa mfereji, kwa choo, kwa nguo zilizoanikwa wala kwa kushikana mikono. Inapita kwa hewa tu. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, akicheka au akiimba kanisani, hutoa vitone vidogo mno. Vinakauka vikiwa bado hewani, na kinachobaki huelea kwa saa nyingi ndani ya chumba kisicho na upepo. Ili uambukizwe ni lazima uvute vile vidudu vizame hadi chini kabisa kwenye mapafu. Vikitua kwenye kikombe au sakafuni vimekwisha, haviruki tena kukufuata puani.

Wanaobisha huwa nawasimulia habari ya simbilisi. Huku kwetu watoto wanawafuga chini ya meza, kwa hivyo kila mtu anaelewa upesi. Miaka ya 1950 kule Baltimore, Marekani, daktari Richard Riley na wenzake walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB, wakaipitisha kwa mabomba mpaka kwenye chumba cha juu kilichojaa simbilisi. Wanyama wale hawakuona mgonjwa, hawakula sahani moja naye, hawakushika shuka lake. Walipata hewa yake tu, na wakaambukizwa. Kundi jingine lilipewa hewa ya wodi hiyo hiyo iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno, ule mkali unaopatikana pia ndani ya jua. Hao wakabaki salama.

Sasa tazama ploti yako. Mmefunga njia zote ambazo TB haipiti: kikombe, choo, mfereji. Halafu hewa, ambayo ndiyo njia yake, mmeifungia ndani mlale nayo. Waambie wafungue madirisha leo. Jik warudishe chooni, huko ina kazi.

Lakini kuna sentensi umeiweka mwishoni kama kitu kidogo, nami ndiyo iliyoninyanyua kitini. Watoto walikuwa wakikaa kwake jioni kuangalia katuni. Chumba kimoja, mlango umerudishwa kwa ajili ya mbu, saa mbili tatu kila siku, tangu masika, na yeye anakohoa bila dawa. Umewakataza, vizuri, ila katazo la leo haliondoi hewa waliyovuta mwezi uliopita. Wasiwasi wako uutoe kwenye vyombo na kwenye ukuta, uuweke hapo.

Elewa kwamba kuambukizwa si kuugua. Inakadiriwa karibu robo ya watu duniani wameshavuta kijidudu cha TB wakati fulani, na wengi wao mwili umekikalia mpaka wafe kwa mengine. Kati ya walioambukizwa, 5 hadi 10 kwa kila 100 ndio huugua maishani. Ila hesabu hiyo si ya kila mtu. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kuugua haraka, na ikimpata mara nyingine hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Aliye na virusi vya Ukimwi naye mwili wake hauna nguvu ya kukikalia. Kwa hivyo watoto wote wa ile runinga, wakubwa kwa wadogo, waende kliniki ya TB wachunguzwe, na wadogo watangulie. Aliye mzima atapewa dawa za kukinga, zipo, na ni bure kwenye vituo vya serikali. Mzazi asikuambie "wangu hakohoi". Mtoto mdogo mwenye TB anaweza asikohoe kabisa, akawa tu haongezeki kilo, hachezi, ana homa zisizoeleweka. Makohozi hawezi kuyatoa, lakini siku hizi hata kinyesi chake kinapimwa kwa GeneXpert, mashine ile ile inayopima makohozi ya watu wazima.

Watu wazima wa ploti wenye kikohozi, jasho la usiku, homa za jioni au kukonda bila sababu nao waende. Na mjue huenda si yeye aliyeanza. Huenda kuna mwingine kwenye safu hiyo anakohoa kimya kimya na anamcheka mwenzake.

Kuhusu kijana mwenyewe. Mtu akianza dawa na akazimeza sawasawa, na kama si TB sugu, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka sana. Kliniki nyingi huhesabu wiki mbili hivi. Hata wale simbilisi wa Baltimore, hewa ya wagonjwa waliokuwa kwenye dawa iliwaambukiza wachache mno. Sasa, aliye hatari zaidi kwenu ni yupi, huyu ambaye amepimwa, anajulikana, anameza dawa kila asubuhi, au yule ambaye hajapimwa? Kwa hizo wiki za kwanza avae barakoa akiwa ndani na watu, akohoe kwenye kitambaa, akae nje kwenye hewa kadiri anavyoweza, alale peke yake. Barakoa inafaa zaidi kwake kuliko kwenu ninyi, maana inazuia pale inapotoka.

Na Siaya? Kule atalala wapi kama si kwenye nyumba ya mamake pamoja na watoto wa ndugu zake? Miaka ya 1950 mjini Madras, India, madaktari waliwalaza wagonjwa wengine kwenye hospitali maalumu za mbali na wengine wakawatibu majumbani, tena vyumba vilivyosongamana kama vyenu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1959. Familia za waliotibiwa nyumbani hazikuugua zaidi ya familia za waliopelekwa mbali. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wameambukizwa kabla dawa hazijaanza. Ukimsafirisha kijana wako, utakachofanikiwa ni kumkatiza dawa katikati ya njia.

---

MakangaMstaafu (Nakuru)

Mimi nilikuwa makanga wa laini ya Nakuru kwenda Kisumu, na TB nimeugua, nimemaliza dawa, niko hapa. Langa Langa ndugu yangu, dawa zinasikia. Mimi ni ushahidi na tumbo limerudi.

Nataka kumwambia Nyanya mambo ambayo huyo kijana hatakwambia kwa aibu. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, unameza kadhaa kulingana na kilo zako. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili. Siku ya kwanza mkojo unatoka rangi ya Fanta. Kama kliniki hawajamwambia, atafikiri anakojoa damu na ataacha dawa usiku huo huo. Mwambie ni rangi ya dawa tu, hata jasho na machozi hugeuka kidogo.

Cha pili ni njaa. Siku za mwanzo kidonge kinakutapisha, chakula hutaki kukiona. Halafu mwili unaanza kurudi na unaota ugali mchana. Na wakati huo ndio huna kazi, maana tajiri wa gari ameshasikia. Mimi sikuumizwa na kidonge, niliumizwa na njaa. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa akiniachia uji wa wimbi kwenye jagi pale dirishani kila asubuhi. Hakuingia ndani na sikumlaumu, lakini uji ulifika. Kama ploti yako mnaogopa kumkaribia, mpikieni mkiwa nje.

Cha tatu, mwezi wa tatu hivi unajiona mzima kabisa. Kikohozi hakuna, unabeba mizigo. Hapo ndipo watu huacha. Kijana mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kliniki aliacha akaenda Naivasha kutafuta kazi. Aliporudi TB yake ilikuwa imeshakuwa ile ngumu, na matibabu yake yakawa marefu na makali kuliko yetu. Huo usugu mnaousema unatengenezwa hivyo. Kwa hivyo ukimfukuza, mama, unaweza kuwa unautengeneza wewe.

Ganzi ya miguu nayo ipo, kuna vitamini wanakupa pamoja na dawa, asiache kuimeza. Macho yakiwa ya njano au akianza kuona rangi vibaya asingoje siku ya kliniki, aende mara moja. Na kama ana mke au mchumba anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, amwambie muuguzi, kwa sababu dawa hizi zinapunguza nguvu ya vile vidonge. Hilo sisi tulilijua mapema kwa bahati tu, mke wangu aliuliza.

---

MtuWaLangaLanga (Nakuru)

Sawa, nimesoma yote. Lakini mbona babu na baba mkubwa wote waliugua kama si ukoo? Na hizo wiki mbili mnazosema, nani anahakikisha kwamba anameza?

---

SindanoBilaMachozi (Vihiga)

Kijana wangu, babu yako na baba yako mkubwa walirithishana nyumba. Walilala kwenye chumba kimoja, dirisha dogo kama la stoo, moto katikati. Hewa ile ile. Ndiyo maana tunapompata mmoja tunauliza mara moja analala na nani na anakaa na nani, hatuulizi ukoo wake.

Swali lako la pili ni zuri. Kliniki humtaka mgonjwa awe na mtu wa kumshika mkono, anayemuona akimeza. Anaweza kuwa mke, ndugu, hata mwangalizi wa ploti (nakutazama wewe, Nyanya). Na kuna mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi. Kila mtaa una wake. Ukimpata huyo wa Manyatta, atakusaidia hata kuzungumza na majirani, maana wewe wameshakuzoea.

Halafu jambo la kujivunia kidogo. Zamani matibabu ya TB yalikuwa mwaka na nusu hivi, na watu walichoka njiani. Kwamba miezi sita inatosha kulijaribiwa hapa hapa kwetu, kwenye hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yalitoka 1972. Watu wa huku walimeza dawa hizo kabla dunia haijazikubali. Sasa mtu wa Nakuru aniambie hazisikii.

---

NyanyaWaManyatta (Kisumu)

Asanteni sana, na wewe makanga Mungu akuzidishie hilo tumbo. Nimesoma sehemu ya rangi ya Fanta kwa kijana, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Alikuwa ameogopa kweli, wala hakuwa amemwambia mtu.

Sasa muuguzi, madirisha. Umesema kama mtu wa Vihiga kwenye baridi na miti. Sisi tuko karibu na ziwa. Ukifungua dirisha saa kumi na mbili jioni, mbu wanaingia kama wageni wa harusi, na malaria ya huku unaijua. Halafu kuna wezi wa fimbo. Wanaingiza fimbo yenye ndoano dirishani na kuvua suruali ikiwa na simu mfukoni. Mama wa chumba cha nne aliibiwa hivyo mwaka huu. Tufanyeje? Na ule ukuta hukunijibu.

---

SindanoBilaMachozi (Vihiga)

Haya, nimekubali kukanywa. Nimeishi Nyalenda enzi zangu, mbu wenu nawajua kwa majina.

Ukuta kwanza. Ndiyo, hewa inapita hapo juu, nisikudanganye. Lakini ukiziba kwa mbao bila kufungua upande wa nje, utakuwa umegeuza vyumba viwili kuwa masanduku mawili, na mtu yeyote atakayeugua ndani ya sanduku atawaambukiza anaolala nao kwa uhakika zaidi. Fedha ya mbao tumia kwingine. Muombe mwenye nyumba atoboe ukuta wa nje, juu karibu na mabati, na kuweka yale matofali yenye matundu. Hewa ya joto hupanda, itatokea hapo. Mwizi hapitishi fimbo kwenye tundu la tofali, na ukigongelea wavu wa waya hata mbu hapiti. Upepo unapungua kidogo, lakini upo usiku kucha, na usiku ndipo watu wanapolala saa nane wakivuta hewa moja.

Mchana hakuna cha kujadili. Dirisha wazi, pazia limefungwa kando, mlango wazi mbele ya dirisha ili upepo ukate chumba. Jioni mbu wanapoanza, rudisha, na mlale ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua hakizuii hewa. Watu wengi hufunga dirisha kwa ajili ya mbu halafu chandarua wanakifanya uzio wa vifaranga.

Msidhani dirisha ni dawa ya maskini. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo kutoka hospitali za Lima, Peru. Madirisha na milango vikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika karibu mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vya kutenga wagonjwa, vyenye mashine za kuvuta hewa, vilikadiriwa mara 12. Wodi zilizofanya vizuri kabisa zilikuwa za zamani, dari la juu na madirisha makubwa. Mkoloni alikuwa na makosa mengi lakini wodi za kifua alizijenga na madirisha.

Kuhusu choo na ile Jik, sikusema ni takataka. Nilisema hazihusiani na TB. Kisumu maji yakifurika na kipindupindu kikaingia, hapo ndipo choo, mikono, sabuni na maji ya kunywa yaliyotibiwa vinakuwa kila kitu, na dirisha halikusaidii hata chembe. Surua inapita kwa hewa kama TB, tena kwa kasi kubwa zaidi, lakini ina chanjo nzuri. Upele unapita kwa ngozi na kwa kulala kitanda kimoja. Kabla hamjamwagia mtu Jik mlangoni, mngeuliza kwanza ugonjwa wake unatembelea njia gani. Na kile choo cha chaki kifuteni leo. Ploti nzima kupanga foleni kwenye choo kimoja ni kujitafutia ugonjwa wa tumbo ambao hamkuwa nao.

---

WakiliWaKijiweni (Kapsabet)

Mimi si wakili, jina tu. Lakini hili la kumfukuza lina historia huku kwetu. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB walikamatwa hapa Kapsabet kwa kuacha dawa, wakapelekwa jela kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Jela, fikiria, mahali watu wanalala wamebanana bila dirisha. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani namna hiyo ni kinyume cha Katiba.

Hiyo ilikuwa serikali na jela, si mwenye nyumba na mpangaji, sitazidisha. Ila Ibara ya 27 ya Katiba yenyewe inataja hali ya afya kati ya mambo ambayo huwezi kumbagua mtu kwa ajili yake, na inasema hivyo kwa raia pia, si kwa serikali peke yake. Mtumie mwenye nyumba hiyo ibara kwa simu. Wenye nyumba wa Nairobi hawapendi ujumbe wenye namba ya ibara ndani yake.

---

NyanyaWaManyatta (Kisumu)

Ndugu wa Kapsabet, nimemtumia. Alikaa kimya mpaka jioni, halafu akaniuliza bei ya matofali ya matundu. Ametaka safu ya kijana tu, nikamwambia safu zote mbili ama anitafutie mtu mwingine wa kumkusanyia kodi. Tunavutana bado.

Chaki imefutwa. Aliyetupa kikombe bado hanisalimii, naye ndiye anayekohoa kuliko wote tukimsikiliza usiku. Mhudumu wa afya ya jamii nimempata, ni binti wa kanisani kwetu kumbe, atapita Jumapili baada ya ibada na nimemuomba aanzie chumba cha huyo. Dawa kijana anamezea mlangoni kwangu kabla ya kwenda Kibuye, namwona kwa macho yangu, na uji ninao. Runinga ameitoa akaiweka dirishani ikiangalia nje, watoto wanakaa uani kwenye mkeka. Sijui kama umeme utanyeshewa, lakini hilo ni la mvua ikija.

Kazi imebaki kwa wazazi. Wawili wamekubali kupeleka watoto, wa tatu anasema wake ana alama ya chanjo begani na kwa hivyo TB haimhusu. Mjukuu wangu naye anayo hiyo alama. Hebu niambie, haitoshi?

---

SindanoBilaMachozi (Vihiga)

Haitoshi. Hiyo ni BCG, mtoto huchomwa akizaliwa, na ni chanjo ya zamani, mtu wa kwanza aliipata 1921. Kazi yake nzuri ni kumkinga mtoto mdogo na TB mbaya zaidi, ile ya kwenye ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Lakini haimzuii kuambukizwa, na mtoto mwenye alama anaweza kuugua mapafu. Mwambie huyo mzazi wa tatu kwamba kliniki nilimofanya kazi, watoto wengi wagonjwa tuliowapima walikuwa na hiyo alama begani.

Mjukuu mpeleke Jumatatu, mapema, foleni ya kliniki ya TB huwa fupi kabla ya saa tatu. Beba kitabu chake cha kliniki ili waone mstari wa kilo zake tangu masika, na useme wazi kwamba ameshinda chumba kimoja na mtu mwenye TB, usingoje waulize. Wakimpa dawa za kukinga, ataanza kukataa ladha siku ya pili, na uji wako wa wimbi uwe karibu. Huyo mama wa kikombe kama hataki kwenda na binti wa kanisani, nipe namba yake kwenye ujumbe wa faragha. Nitampigia mimi.